Mashine inasema mtoto anasikia, mama anasema hasikii: tuzungumzie otoferlini

Ticha wa Nyegezi

Wakuu, mwangaluka.

Kuna mtoto ambaye kipimo cha hospitali kinasema masikio yake ni mazima, huku mama yake akisema mtoto hasikii. Watu wakiambiwa hivyo huona lazima mmoja anadanganya, na huku kwetu lawama humwangukia mama. Nimeleta uzi huu kuonyesha kwamba mashine na mama wanaweza wote kuwa wanasema kweli. Anayewapatanisha ni protini moja ya sikio la ndani, inaitwa otoferlini.

Kilichonifanya nifuatilie ni binti wa dada yangu, wanaishi upande wa Sengerema. Alizaliwa vizuri, hakupata manjano, hakulazwa. Akapimwa masikio, kwenye kadi wakaandika amefaulu. Akatimiza mwaka, akapita, hajatamka hata "mama". Bibi yake mzaa baba naye alikuwa na kipimo chake: anakwenda nyuma ya mtoto na kuubamiza mlango wa bati. Mtoto anageuka. "Mmeona? Anasikia huyu, ni kiburi tu kama mama yake." Wazazi mnaosoma, kipimo hicho hakina maana. Mtoto kiziwi anaweza kuhisi upepo wa mlango na mtetemo wa ukuta, na vivuli anaviona vizuri kuliko sisi.

Kilichofuata mnakijua. Maombi, kisha mganga, kisha maneno kwamba dada alivunja miiko wakati wa ujauzito. Wakarudi hospitali, wakafanyiwa kipimo kilekile, majibu yakawa yaleyale. Shemeji akaanza kuamini maneno ya mama yake.

Sasa tuingie kwenye sikio lenyewe, twende taratibu.

Sauti inapita kwenye tundu, inatikisa kiwambo, vifupa vitatu vinaupeleka mtikisiko ndani mpaka kwenye koklea, mrija mdogo uliojiviringa na kujaa majimaji. Humo ndani kuna seli zenye vinyweleo, zimejipanga safu nne. Safu tatu ni za seli za nje, kama 12,000 kwa kila sikio. Safu moja ni ya seli za ndani, kama 3,500 tu. Watu wengi wanadhani zote zinafanya kazi moja. Hapana.

Seli za nje kazi yake ni kukuza sauti. Zina protini iitwayo prestini, iliyotambuliwa mwaka 2000, ambayo inazifanya zirefuke na kufupika kwa kasi kubwa kufuata sauti inayoingia. Zikifanya hivyo, sikio lenyewe nalo linatoa sauti hafifu inayorudi nje. Ndiyo, sikio zima linatoa sauti! Kipimo wanachofanyiwa watoto wachanga, ambacho hospitali wanakiita OAE, kinatega sauti hiyo. Mtoto amelala, anawekewa kizibo laini cha mpira kwenye tundu la sikio, kizibo kinatoa vijisauti, halafu kipaza sauti kidogo kilichomo humo kinasubiri mwangwi. Mwangwi ukirudi, kioo kinaandika amefaulu. Ni dakika chache.

Ila mwangwi huo unatoka kwa seli za nje. Zinazopeleka habari kwenye ubongo ni seli za ndani. Kipimo hiki hakijaziuliza kitu.

Aliyewahi kufika mwaloni Kirumba alfajiri atanielewa haraka. Mitumbwi imetoka visiwani na dagaa, imefika, imefungwa kamba. Magunia yamo ndani, wachuuzi wako nchi kavu na hela mkononi, Fuso inanguruma. Sasa fikiria vibarua wa kushusha hawakuja siku hiyo. Mzigo upo, umefika, lakini sokoni hakuna dagaa. Seli ya ndani ya sikio iko hivyohivyo. Chini yake ina vifuko vidogo vilivyojaa kemikali ya glutameti, vimesogezwa mpaka ukingoni. Sauti inapopinda vinyweleo, kalsiamu inaingia kwenye seli. Otoferlini inaihisi kalsiamu hiyo na papo hapo inavifanya vifuko vipasuke ukingoni na kumwaga glutameti kwenye neva. Ndiye kibarua wa kushusha. Akikosekana, vifuko vinabaki ukingoni vimejaa, neva haipati kitu, ubongo uko kimya.

Jambo hili lina historia fupi. Mwaka 1999 timu ya Christine Petit wa Institut Pasteur, Paris, ilichunguza familia za Lebanoni zenye watoto viziwi wa kuzaliwa na kuipata jeni inayotengeneza protini hii. Petit ni mmoja wa watatu waliopewa tuzo ya Kavli mwaka 2018 kwa kazi za usikivu. Mwaka 2006 wakaonyesha kwa panya wasio na otoferlini kwamba vifuko vipo mahali pake lakini havimwagi. Protini yenyewe ni ndefu, ina asidi amino 1,997. Huo urefu uwekeni akilini, tutauhitaji tukifika kwenye tiba.

Mpwa wangu hatimaye alifanyiwa kipimo kingine, ABR, kinachosikiliza neva na shina la ubongo. Niliingia naye. Mhudumu alimsugua paji la uso na nyuma ya masikio kwa dawa yenye chengachenga, akambandika vipande vyenye nyaya, akamvika spika ndogo masikioni. Mtoto kalala kifuani kwa mama yake. Kwenye kompyuta ilitakiwa tuone mawimbi yakipanda na kushuka kila sauti inapopigwa. Wakaongeza sauti mpaka mwisho wa mashine, mstari umelala tu. Palepale wakarudia mwangwi: upo, masikio yote mawili. Dada yangu akalia, na akaniambia baadaye kwamba alilia kwa sababu kwa mara ya kwanza kuna mtu amemwamini.

Hali hiyo ya mwangwi kuwepo na ABR kulala ina sababu zaidi ya moja. Kipimo cha jeni hajafanyiwa, kwa hiyo sitawaambia ni otoferlini. Ninachosema ni kwamba ukiwa na mtoto haitiki na umepewa karatasi ya "amefaulu", usiondoke. Omba ABR.

Nawasilisha. Maswali karibuni.

Bwiru Boy

Naweka kiti hapa. Uzi wa kusoma na chai.

Sangara Mkavu

Ticha umeeleza vizuri ila niseme ukweli, hapa naona daktari wa kwanza alizembea. Mzazi anakwambia mtoto hasikii, wewe unarudia mashine ileile? Ingekuwa gari fundi angeshapigwa.

Ticha wa Nyegezi

Sangara, hasira yako naielewa na mimi ninayo kiasi. Ila kipimo chenyewe hakikudanganya. Kiliulizwa kama seli za nje zinafanya kazi, kikajibu zinafanya. Kwa watoto wengi hiyo inatosha, maana mara nyingi zikiharibika za ndani na za nje nazo zimeharibika. Kosa ni pale karatasi inapopewa nguvu kuliko mzazi anayekaa na mtoto mchana na usiku.

Na kuna mtego mwingine. Kwa baadhi ya watoto wa namna hii mwangwi unapotea kadiri wanavyokua. Ukimpeleka ana miaka sita unakuta OAE haipo na ABR haipo, anaonekana kiziwi wa kawaida, na ile dalili ya kukufungua macho imeshapita.

Sista Zamu ya Usiku

Naongezea kama muuguzi wa wodi ya watoto. Ticha ametaja jeni lakini huku tunakofanya kazi msisahau mengine yanayoleta picha hiyohiyo ya mwangwi kuwepo na neva kuwa kimya. Manjano makali ya siku za mwanzo ni mojawapo: ile rangi ya njano ikipanda sana inadhuru neva ya kusikia na sehemu za ubongo. Mtoto aliyechelewa kulia, akakosa hewa, naye yumo. Njiti wamo. Ndiyo maana nchi zenye mpango wa kupima kila mtoto, wale waliokaa wodi ya wachanga mahututi wanapimwa ABR, hawaachiwi OAE peke yake.

Mama ukiona mtoto macho ya njano usimwanike juani ukasubiri wiki. Mlete.

Halafu kuna uziwi usiohusu otoferlini kabisa, unaoua seli zenyewe: homa ya uti wa mgongo, surua, rubela kwa mama mjamzito, na dawa za sindano kama gentamaisini. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unatokana na vitu vinavyozuilika. Chanjo ya surua na rubela ni bure, jamani. Na kabla hamjanikimbia kuhusu gentamaisini: mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu asipopewa anaweza kufa. Msikatae sindano. Kinachotakiwa ni dozi kwa uzito na siku zisizidi zilizopangwa. Anayenunua gentamaisini duka la dawa na kuchomwa mtaani kwa kila mafua, huyo ndiye anacheza na masikio.

Mzee wa Nansio

Shikamoo zenu kwa wanaostahili, na marahaba kwa vijana. Mimi niko Ukerewe. Nina mjukuu wa miaka saba, anasikia, anasoma, mtoto mzuri. Lakini akipata homa kali anakuwa kiziwi. Unamwita hageuki, anatukodolea macho. Homa ikishuka, siku inayofuata anasikia kama kawaida. Imetokea zaidi ya mara moja. Hapa wanasema ni kwinini. Je, ni kweli?

Ticha wa Nyegezi

Shikamoo mzee. Swali lako ni zito kuliko unavyodhani.

Kwinini kweli inavuruga masikio: yanavuma, usikivu unashuka, na kwa kawaida unarudi dawa ikiisha mwilini. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili, uziwi unaanza kabla ya dawa au baada ya dawa? Kama mjukuu anakuwa kiziwi homa inapopanda, hata kabla hajameza kitu, basi kuna aina ya hitilafu ya otoferlini inayofanana sana na unavyoeleza. Protini inatengenezwa ila imelegea. Joto la kawaida la mwili inavumilia, joto likipanda kidogo tu inashindwa kazi, homa ikishuka inarudi. Madaktari wameshaandika kuhusu watoto wa namna hiyo katika nchi mbalimbali, na mabadiliko yaliyomo kwenye jeni yao yanajulikana.

Huku kwetu kwenye malaria mtoto wa hivyo anaweza kukua mpaka mtu mzima kila mtu akisema ni dawa. Siwezi kukuambia mjukuu ndiye huyo, lakini mpeleke kwa daktari wa koo, pua na masikio, na uandike kwenye daftari: homa ilianza saa ngapi, uziwi ulianza saa ngapi, dawa ilimezwa saa ngapi. Daftari hilo litamsaidia daktari sana, maana siku mtakayofika hospitali mtoto atakuwa anasikia.

Mzee wa Nansio

Uziwi hutangulia. Mara ya mwisho dawa tulikuwa bado hatujapata. Nashukuru mwalimu, nitafanya hivyo.

Kijana wa Mabatini

Dah. Sasa mdogo wangu yeye anasikia sauti lakini hashiki maneno. Nyumbani kukiwa kimya mnaongea vizuri, mkienda sokoni au kwenye daladala anakuwa kama haelewi lugha. Tunamwita "network". Hii nayo imo?

Ticha wa Nyegezi

Inaweza kuwemo. Otoferlini ikifanya kazi nusunusu, glutameti inamwagwa lakini haiendi na kasi ya maneno. Seli ya ndani inatakiwa kumwaga na kujaza upya mara nyingi ndani ya sekunde moja, bila kupumzika, muda wote kuna sauti. Mtu anasikia kwamba kuna mtu anaongea, ila "pata", "bata" na "kata" anazisikia sawa, na kelele ikiongezeka ndiyo basi. Kipimo cha kubonyeza kitufe ukisikia "pii" hakitamkamata. Ombeni apimwe kwa maneno, na apimwe pakiwa na kelele. Zipo sababu nyingine pia, kwa hiyo msijipe jibu nyumbani. Na hilo jina la "network" lifuteni, kaka.

Ng'wana Misungwi

Mnazunguka sana. Mtoto kiziwi kwenye ukoo usio na kiziwi hata mmoja, baba anasikia, mama anasikia, babu wote wanasikia. Hiyo jeni imetoka wapi? Ilipita dirishani? Tuseme tu kuna mkono wa mtu.

Ticha wa Nyegezi

Ng'wanawane, hoja yako ndiyo hasa inayotofautisha urithi huu na ule wa pua kubwa.

Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya otoferlini, moja ya baba na moja ya mama. Ukiwa na nakala moja mbovu na moja nzima, unasikia vizuri kabisa, maana nzima inatosha. Hujui na hakuna atakayejua. Nakala hiyo mbovu inaweza kusafiri kwenye ukoo vizazi na vizazi kimya. Siku mbebaji akizaa na mbebaji mwenzake, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kupata nakala mbovu zote mbili. Kwa hiyo mtoto kiziwi mwenye wazazi wanaosikia na babu wanaosikia ndiyo picha ya kawaida ya urithi huu. Na oneni jambo moja: nakala imetoka kwa baba pia. Aliyefukuzwa nyumbani kwa "kuleta uziwi" kaleta nusu tu, nusu nyingine ilikuwa imekaa sebuleni inakunywa chai.

Wazazi wakiwa na damu moja uwezekano wa kukutanisha nakala hizo unapanda, ila si lazima wawe ndugu.

Capri Point

Kuna kijiji Ghana niliwahi kusoma, kina viziwi wengi mpaka wanaosikia nao wanajua ishara. Ni hii hii otoferlini?

Ticha wa Nyegezi

Unazungumzia Adamorobe. Hapana, pale ni protini nyingine, konexini 26. Hiyo haishughuliki na kumwaga glutameti. Inajenga vijia kati ya seli na seli, na inasaidia kurudisha potasiamu kwenye mzunguko wa majimaji ya koklea. Vijia vikiziba, koklea nzima inakosa nguvu ya kufanyia kazi. Hitilafu za konexini 26 zilihusishwa na uziwi wa kurithi mwaka 1997, na mwaka uliofuata ile ya Adamorobe ikaelezwa. Ulaya na Asia jeni hiyo ndiyo inaongoza kwa uziwi wa kuzaliwa, lakini sehemu kubwa ya Afrika iliyopimwa ni nadra, Ghana ikiwa ya pekee. Kwa hiyo kipimo cha bei nafuu cha konexini peke yake, kilichotengenezwa kwa ajili ya wenzetu huko, kinaweza kumrudisha mtoto wa Kiafrika na jibu la "hakuna kitu" wakati jeni nyingine zaidi ya 100 za uziwi hazijaguswa.

Adamorobe waliwahi kukataza kiziwi kuoa kiziwi. Ukielewa nilichomjibu Ng'wana Misungwi utaona kwa nini marufuku ya namna hiyo haimalizi uziwi: wanaobeba nakala moja wanasikia, wanaoana kila siku. Na kinyume chake, viziwi wawili wenye hitilafu za jeni tofauti wanaweza kuzaa watoto wote wanaosikia.

Otoferlini yenyewe si kinara. Makadirio yanayotajwa ni asilimia 1 hadi 8 ya uziwi wa kurithi wa kuzaliwa. Umaarufu wake wa sasa umekuja na tiba.

Bwiru Boy

Ehe, hapo ndipo nilipokuwa nasubiri. Nilisikia China wamemchoma mtoto sindano akasikia. Kweli au stori za mtandaoni?

Ticha wa Nyegezi

Kweli, na ni kwa otoferlini hasa.

Januari 2024 jarida la Lancet lilitoa matokeo ya watoto sita waliotibiwa Shanghai, hospitali ya macho, masikio, pua na koo ya Chuo Kikuu cha Fudan. Walipewa sikio moja. Watano kati ya sita walianza kusikia ndani ya miezi michache. Baadaye mwaka huohuo wakatoa ripoti ya watoto watano waliotibiwa masikio yote mawili. Marekani nako, hospitali ya watoto ya Philadelphia ilimtibu mvulana wa miaka 11 mwishoni mwa 2023, na Uingereza wamo kwenye majaribio.

Jinsi inavyofanyika: wanachukua virusi vidogo vilivyoondolewa uwezo wa kuleta ugonjwa, wanavipakia jeni nzima, wanavichoma ndani ya koklea. Sasa kumbukeni ule urefu. Virusi hivyo vinabeba herufi za jeni zipatazo 4,700, na maelekezo ya kutengeneza otoferlini ni kama 6,000. Haiingii. Wakaikata vipande viwili, kila kimoja na kirusi chake, vikifika ndani ya seli vinaungana. Mimi hapo niliinua mikono.

Kwa nini walianzia otoferlini na si konexini iliyo maarufu? Kwa sababu seli bado ziko hai. Hazikufa, hazikuharibika umbo, zimekosa kitu kimoja tu. Mwingine ambaye seli zake za vinyweleo zimekufa kwa homa ya uti wa mgongo, huwezi kumrudishia kwa jeni. Kwa binadamu hazioti tena. Kuku zinamwota, sisi hapana.

Kabla mtu hajauza ng'ombe: ni tiba ya jeni hii moja, lazima kwanza kipimo cha jeni kithibitishe, na watoto waliotajwa walitibiwa ndani ya majaribio. Mtu akikupigia simu anasema anayo Mwanza, huyo ni tapeli.

Kilichopo leo Tanzania ni kipandikizi cha koklea. Muhimbili wanakifanya tangu 2017. Kwa mtoto wa otoferlini kinafaa sana, kwa sababu kinaruka seli ya ndani na kuigusa neva moja kwa moja kwa umeme, na neva yake ni nzima. Shime sikio za kawaida kwa hali hii mara nyingi hazitoshi. Zinakuza sauti, yaani unaongeza mitumbwi kwenye mwalo usio na vibarua. Ila hata hivyo wengi huanzishiwa hizo kwanza waone, na mwenye hitilafu ndogo anaweza kupata nafuu.

Tatizo ni gharama, na si ya upasuaji peke yake. Kile kifaa cha nje kinataka betri, waya unakatika, mtoto anakiangusha ziwani. Halafu mazoezi ya kujifunza kusikia ni ya miaka, na sisi tuko huku, Dar iko kule.

Mkono Unaosema

Nimesoma uzi wote. Mimi ni kiziwi tangu kuzaliwa, naishi Igoma, nafanya kazi ya uchomeleaji, nina mke kiziwi na watoto wawili wanaosikia.

Mmeandika sayansi nzuri. Lakini hesabuni ni mara ngapi mmeandika "tiba" na ni mara ngapi "lugha". Mtoto wa dada yake Ticha sasa hivi anajua maneno mangapi? Kwa lugha yoyote?

Mimi nilipelekwa shule nikiwa mkubwa. Kabla ya hapo nyumbani nilikuwa naoneshwa kidole tu: kaa, kula, njoo. Sikujua kwamba kila kitu kina jina. Nilipofika bweni na kuona watoto wanaongea kwa mikono, usiku wa kwanza sikulala, nilikuwa nawaangalia. Shule za viziwi zipo nchi hii tangu 1963 pale Tabora, na bado kuna wazazi Kanda ya Ziwa wanakaa na mtoto ndani mpaka miaka kumi wakisubiri muujiza au hela ya kipandikizi.

Sikatai kipandikizi, ni uamuzi wa mzazi. Ninachokataa ni mtoto kukaa bila lugha wakati mkichangishana. Lugha ya Alama haisubiri mashine. CHAVITA, chama cha viziwi Tanzania, wapo, waulizeni. Mama akijifunza ishara ishirini wiki hii, wiki ijayo mtoto atamwambia anataka maji.

Ticha wa Nyegezi

Mkono Unaosema, asante. Sina cha kupinga. Na sayansi iko upande wako: miaka ya mwanzo ubongo unajenga lugha kwa kile unachopata, ukikosa sauti na ukakosa ishara, nafasi hiyo hairudi vizuri. Hata wale waliotibiwa kwa jeni, madaktari walisema wazi kwamba mtoto aliyeanza kusikia akiwa na miaka 11 anaweza asiongee kamwe. Sauti ilifika, wakati wa kujifunzia maneno umeshapita.

Mpwa wangu ameanza ishara. Anajua "maziwa", "zaidi", "hapana". Hiyo "hapana" anaitumia kwa bibi yake.

Kijana wa Mabatini

😂😂 Bibi wa mlango wa bati amepatikana.

Sangara Mkavu

Ng'wana Misungwi kimya? Njoo utuambie ule mkono wa mtu umeishia wapi.

Ng'wana Misungwi

Nipo nasoma. Siyo kila anayeuliza ni adui. Hapo pa nakala mbili nimepaelewa, ila mama mkubwa wangu hatapaelewa, na yeye ndiye anayeamua nyumbani. Ndiyo maana nauliza kwa lugha yake.

Ticha wa Nyegezi

Basi mwambie hivi: damu ya baba na damu ya mama zilikutana, kila moja ilibeba nusu. Wazee wa Kisukuma ukoo wanauelewa kuliko sisi wa vitabu.

Mama Pili wa Buhongwa

Samahani nachelewa. Ninaye wa miezi tisa. Alipimwa alipozaliwa wakasema amefaulu. Mimi naona hashtuki. Alikuwa anasema "baba-baba", sasa hivi ameacha. Mume wangu anasema nimesoma sana mtandaoni. Nikienda hospitali niseme nini wasinirudishe?

Sista Zamu ya Usiku

Mama Pili, usisubiri. Watoto viziwi nao wanabwabwaja mwanzoni, halafu inapungua, kwa hiyo hilo la kuacha ni la kusema mlangoni kabisa.

Kwanza jaribu nyumbani akiwa ametulia na anachezea kitu. Kaa nyuma yake pembeni, asikuone, asione kivuli, usiguse mkeka. Finya mfuko wa nailoni taratibu, au nong'ona jina lake. Usipige makofi, usigonge sufuria. Fanya kushoto, fanya kulia, siku tofauti. Wa miezi tisa anatakiwa ageuke.

Ukifika, usiseme "naona kama hasikii", maana utaambiwa mtoto ni mdogo. Sema: "Mtoto ana miezi tisa, hageukii sauti ndogo, alikuwa anabwabwaja ameacha, OAE ya kuzaliwa alifaulu, naomba rufaa kwa daktari wa koo, pua na masikio afanyiwe ABR." Wasipokuwa na mashine, wakuandikie rufaa kwenda penye mashine. Nenda na kadi ya kliniki, na kama alipata manjano au alilazwa, karatasi zake pia.

Mama Pili wa Buhongwa

Manjano alipata kidogo, akakaa kwenye taa. Sikujua ina uhusiano. Nimepanga kwenda Jumatatu. Baba yake nimemwonyesha huu uzi, amesema atanisindikiza. Kile kipimo cha nyaya kinauma?

Sista Zamu ya Usiku

Hakiumi. Shida ni kwamba lazima alale, akijitikisa mawimbi yanavurugika. Siku ya kipimo mwamshe mapema, usimwache asinzie kwenye daladala, hapo baba yake ana kazi ya kumchezesha njia nzima. Mnyonyeshe mkishafika na kuitwa, atalala mwenyewe. Wengine huwa wanapewa dawa ya usingizi, hiyo watakuelekeza wao. Na asubuhi hiyo usimpake mafuta usoni wala nyuma ya masikio, vile vipande havitashika.

Mama Pili wa Buhongwa

Sawa sista. Na nguo zenye kofia?

Sista Zamu ya Usiku

Mvue kofia. Mvalishe ya vifungo mbele.